Watoto wa mbwa wiki tano: nimchukue sasa au nisubiri?

Dala_Mamboleo

Habari zenu. Kuna mbwa aliyezaa Njoro, karibu na Nakuru, tarehe 12 Mei, watoto saba. Mama ni German Shepherd, baba wa kienyeji. Muuzaji anataka wote wawe wametoka 16 Juni, yaani wakitimiza wiki tano. Anasema macho walifungua zamani, ugali wanakula wenyewe, na kwamba mbwa wa kulinda sharti achukuliwe mdogo ndipo amjue mwenye nyumba peke yake.

Mtoto anakuja Kisumu, Mamboleo. Kiwanja kina ukuta na mtu yupo mchana kutwa. Ninayotaka kujua: wiki tano ni sawa? Chanjo zipi ziwe tayari kabla hajatoka? Atahimili matatu kutoka Njoro? Na la mwisho: mwaka jana kiwanjani hapo mbwa alikufa kwa kuhara damu. Hilo lina uzito wowote?

meno_ya_maziwa

Wiki tano ni haraka. Hesabu siku 56 tangu kuzaliwa. Kwa hao wa 12 Mei inaangukia 7 Julai.

Hoja ya macho iweke kando. Mtoto wa mbwa hufungua macho kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio siku chache baadaye. Kama macho ndiyo kipimo, wangeuzwa wakiwa na wiki mbili! Ugali nao si kipimo. Meno ya maziwa huanza kutoboa wiki ya tatu, mama anaumia chuchu, anaanza kunyonyesha akiwa amesimama na kuwakimbia, nao wanalamba chochote kilicho kwenye sahani. Lakini wanaendelea kunyonya kidogo kidogo hadi wiki ya saba hivi. Ukimtoa wiki ya tano umemwachisha ziwa, umembadilishia chakula na umemhamisha nyumba kwa siku moja. Tumbo ndilo linalolipa kwanza.

Jambo kubwa zaidi ni taya. Kuanzia wiki ya tano hadi ya nane watoto hawa wanaumana kutwa nzima. Anayeuma sana, mwenzake analia na mchezo unakatika. Akimng'ata mama chuchu, mama ananguruma na kumlaza chini. Marudio ya namna hiyo, mamia kwa mamia, ndiyo yanayomfundisha kiasi cha nguvu ya kinywa. Aliyekosa darasa hilo akifika kwako anauma mkono wa mtoto wako kama anavyouma mfupa, si kwa ukali, bali kwa kutojua. Kuna utafiti wa Italia uliochapishwa 2011 uliolinganisha mbwa waliotenganishwa na mama wakiwa na siku 30 hadi 40 na waliotenganishwa wakiwa na siku 60. Wale wa mapema ndio walioonyesha zaidi woga wakati wa matembezi, kubweka kupita kiasi, kuharibu vitu na kulinda chakula kwa ukali. Uingereza mfugaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuza kabla ya wiki nane.

Hilo la kumjua mwenye nyumba peke yake: dirisha la mbwa kuzoea watu na mambo ya dunia linafunguka wiki ya tatu na kuanza kufungika kati ya wiki ya 12 na ya 14. Ukimchukua wiki ya nane bado una mwezi mzima na zaidi ndani ya dirisha hilo. Hujapoteza kitu.

Sababu halisi ya muuzaji naijua, na si ya kumlaumu sana. Wiki ya tano maziwa ya mama yanapungua na vinywa saba vinageukia sahani. Wiki ya sita inakuja gharama ya chanjo, mara saba. Kwa hiyo badala ya kubishana naye, mpe sehemu ya bei sasa, mlipie chakula cha mtoto wako kwa wiki tatu na chanjo yake ya kwanza, mwandikiane kwenye karatasi kwamba unamchukua 7 Julai. Mtie mtoto alama ya utepe shingoni, au upige picha ya mabaka ya tumboni, maana saba wanaofanana hubadilishana bila mtu kujua.

Ukienda, fungua kinywa. Mtoto wa wiki nane ana meno 28 ya maziwa yote nje: sita ya mbele juu, sita chini, chonge nne, na nyuma matatu kila upande, juu na chini. Kama nyuma bado ufizi mtupu au meno yanachungulia tu, tarehe uliyopewa si ya kweli.

sindano_na_barafu

Naongeza upande wa chanjo, na hapo ndipo swali lako la mwisho lilipo na uzito kuliko yote.

Chanjo ya kwanza ni ile ya mchanganyiko: pavo (virusi vya kuhara damu), distempa (virusi vya mapafu na mishipa ya fahamu), homa ya ini, na mara nyingi homa ya mgunda (leptospirosisi). Inachomwa kuanzia wiki ya sita, kwenu ni 23 Juni, akiwa bado kwa mama. Ya pili wiki ya tisa au ya kumi, ya tatu wiki ya 13, ya mwisho wiki ya 16, yaani 1 Septemba. Watu hushangaa kwa nini nyingi hivyo. Mtoto anapozaliwa hupata kingamwili kupitia maziwa ya kwanza ya mama. Hizo zinamlinda, lakini pia zinaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Kwa mmoja zinaisha wiki ya saba, kwa ndugu yake wiki ya 14, na kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana tunarudia mpaka wiki ya 16: tunawinda siku ambayo za mama zimeisha. Anayekwambia "alichomwa moja, amemaliza" amekuuzia hatari.

Usikubali kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu. Kila kichupa cha chanjo kina kibandiko kinachobanduliwa, chenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Kibandiko hicho kinapaswa kuwa kwenye kadi, pamoja na muhuri na namba ya usajili ya daktari wa mifugo kutoka Bodi ya Veterinari ya Kenya. Na chanjo huishi kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kichupa kilichonunuliwa agroveti asubuhi na kuzungushwa mfukoni hadi jioni ni maji ya bei ghali.

Kichaa cha mbwa ni chanjo ya peke yake, wiki ya 12, kwenu 4 Agosti, kisha kila mwaka. Kisumu na Siaya ni kati ya kaunti zilizochaguliwa kuanzia mpango wa kitaifa wa kutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, kwa hiyo uliza ofisi ya mifugo ya kaunti kuhusu kampeni za chanjo, hasa kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Akikuuma mtoto wa mbwa usiyemjua historia, hata mdogo wa wiki saba, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Udogo wake si kinga.

Minyoo: dawa wiki ya 2, 4, 6 na 8, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Inaanza mapema kwa sababu minyoo mviringo humpata akiwa tumboni, na ya safura huja na maziwa. Mama anapewa siku hizohizo, la sivyo mnafagia huku mlango uko wazi. Dozi ni kwa kilo, kwa hiyo mpime: panda mizani naye, shuka, panda peke yako, toa.

Sasa kiwanja. Kuhara damu kunaweza kuwa pavo, safura au sumu, na kwa sasa huwezi kujua. Chukulia ilikuwa pavo. Virusi vyake hukaa kwenye udongo wenye kivuli miezi mingi, hata kupita mwaka. Udongo huwezi kuutibu. Saruji unaweza. Piga kwanza kwa sabuni na brashi mpaka iwe safi kabisa, maana uchafu unaimaliza nguvu dawa ya klorini. Kisha kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe 20 vya maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo. Iache sakafu iwe majimaji dakika kumi kabla ya kusuuza. Usichanganye na dawa nyingine ya choo. Dawa nyingi za sakafu zenye harufu nzuri haziui pavo hata kidogo. Vyombo na mkufu wa mbwa aliyekufa, choma au tupa. Mtoto akae kwenye saruji hiyo tu, asikanyage udongo wa kiwanja mpaka wiki mbili baada ya chanjo ya mwisho.

mzee_wa_Lurambi

Vijana, mnamtisha huyu bure. Huku kwetu watoto wanatoka wiki ya sita, wanakula makombo, wanalala chini ya ghala la mahindi, na wanalinda vizuri sana. Mbwa ni mbwa.

meno_ya_maziwa

Shikamoo mzee. Wanaolinda ni wale waliobaki, ambao hawakubaki hakuna anayewahesabu. Halafu kuna tofauti moja ambayo mara nyingi inasahaulika: mtoto wa kijijini akitoka wiki ya sita anahamia boma la jirani, kwenye mbwa wakubwa wawili watatu wanaomfundisha adabu kama mama yake. Huyu wa Mamboleo anakuja kukaa peke yake ndani ya ukuta.

Mahindi tusiyapite hivihivi. Yaliyoota ukungu, yale tunayoyatenga "ya mbwa na kuku", yana sumukuvu. Mbwa ini lake halivumilii: anakataa chakula, macho na ufizi vinageuka njano, anatapika, anakufa. Kama binadamu hali, mbwa asile.

mzee_wa_Lurambi

Marahaba. Hilo la mbwa wakubwa ni kweli. Na ukungu nao ni kweli.

Dala_Mamboleo

Asanteni sana. Muuzaji amekubali 7 Julai kwa mpango huo wa chakula na chanjo. Sasa nielezeni safari na siku za kwanza. Pia nimeambiwa nimchukue pamoja na ndugu yake ili wasilie usiku. Ni wazo zuri?

kilebu_na_katoni

Wawili wa tumbo moja: hapana, isipokuwa una muda mara mbili. Usiku hawatalia, hilo ni kweli. Lakini wanashikamana wao kwa wao, wewe unakuwa mtu wa kuleta sahani, na ukimtoa mmoja nje mwingine anapiga kelele. Atakayekubali kuwafunza tofauti, kuwalaza tofauti na kuwatembeza tofauti, anaweza. Wengi hawawezi.

Safari. Kutoka Njoro kupitia Molo, Mau Summit na Kericho ni kama saa tatu au nne, na Julai ni baridi mpaka ushuke kuelekea Ahero, ambako joto linakupokea ghafla. Ondoka asubuhi. Mlo wa mwisho uwe saa tatu kabla ya gari kuondoka, maji kidogo tu. Mtu mmoja amshike, asiwekwe kwenye buti wala juu ya gari. Tafuta katoni ngumu ambayo anaweza kusimama na kugeuka ndani yake lakini si kubwa zaidi ya hapo, toboa matundu kwenye pande zote nne juu ya usawa wa kichwa, tandika magazeti tabaka nne na kitambaa juu. Kitambaa hicho mpelekee muuzaji wiki moja kabla ili mama yake akilalie, usikifue. Ukiwa Kericho mpe maji vijiko viwili vitatu. Usimshushe kwenye stendi! Nyasi za stendi zimepitiwa na kila mbwa wa mji, na ana chanjo moja tu. Ahero, mtoe blanketi, funua katoni: akianza kuhema ulimi nje, joto limezidi.

Kumbuka pia kwamba wiki ya nane hadi ya kumi watoto wengi wanapitia kipindi cha woga. Kitu kimoja kikimtisha sana siku hizo kinaweza kumkaa kwa muda mrefu. Kwa hiyo epuka kiti kilicho karibu na spika za matatu.

Ukiwa bado Njoro, kabla hujalipa salio, mwangalie akiwa ameshiba na akiwa na njaa. Ufizi uwe wa waridi; ukiwa mweupe, fikiria safura au viroboto. Tumbo lililovimba kama ngoma kwenye mwili mwembamba ni minyoo. Pua na macho visitoe usaha. Bonyeza kitovu: uvimbe laini unaorudi ndani ni ngiri, si mwisho wa dunia lakini ni punguzo la bei. Geuza makucha uangalie funza, hasa kama kibanda ni cha udongo mkavu wenye vumbi.

Nyumbani usimtembeze kwa majirani siku ya kwanza. Mpeleke moja kwa moja mahali utakapotaka ajisaidie, subiri mpaka ajisaidie, ndipo aone sehemu ya kulala. Wiki nane anaweza kubana mkojo kama saa mbili mchana, usiku tatu au nne. Kila akiamka, kila baada ya kula, kila baada ya mchezo, mtoe. Akikojoa ndani hajakosea, wewe umechelewa. Usiku katoni iwe karibu na kitanda chako kwa wiki ya kwanza, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye fulana. Kumtupa kibandani peke yake usiku wa kwanza ili "azoee" kunamfundisha kuhofia kibanda.

Hilo la asikanyage udongo lisikufanye umfungie pasipo kuona dunia. Mbebe. Mkae barabarani dakika kumi aone pikipiki, mama wa mboga, watoto wa shule wakipita, mtu mwenye mwavuli, na kila mara mtu mwingine ampe chembe ya chakula kwa mkono. Mbwa wa kulinda asiyejua kawaida ni nini anabwekea kila kitu, nawe utaacha kumsikiliza.

sufuria_ya_omena

Chakula kimeachwa, na hapo ndipo wengi wanaharibu.

Siku tano za kwanza mpe kilekile alichokuwa anakula Njoro, hata kama hukipendi. Kisha changanya kwa wiki moja: robo kipya, halafu nusu, halafu robo tatu. Milo ni minne kwa siku mpaka miezi mitatu, mitatu mpaka miezi sita, baadaye miwili. Sahani ikae dakika 15 kisha uiondoe.

Ukitumia cha mfuko, kiwe cha watoto wa mbwa, na kwa damu ya German Shepherd chagua cha mbwa wakubwa. Usimwongezee kalisi (kalsiamu) wala unga wa madini wa ng'ombe ukidhani unamjengea mifupa. Kalisi ikizidi kwa mtoto wa mbwa mkubwa inaharibu viungo.

Ukipika mwenyewe, Kisumu una bahati ya omena. Ziloweke, uzisuuze mara tatu mchanga utoke, chemsha bila chumvi wala vitunguu. Vitunguu ni sumu kwa mbwa, viwe vibichi au vya kupikwa. Ponda omena zima pamoja na mifupa yake, ndiko kalisi ilipo, uchanganye na ugali laini: kwa kila vijiko vinne vya chakula, viwili viwe omena au nyama, kimoja na nusu ugali, nusu mboga iliyochemshwa au boga. Ugali wenye mchuzi tu unampa tumbo, haumpi misuli. Nyama tupu isiyo na mfupa nayo inamletea matege, maana ina fosforasi nyingi na kalisi karibu hakuna. Matumbo na mapafu ya buchani yachemshwe mpaka yaive kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vioo, usimpe.

Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi. Akiyataka, mpe mala kidogo.

Mpime kila Jumapili. Uzito uliosimama wiki nzima kwa umri huu ni habari ya kupeleka kwa daktari. Na akitapika, akakataa chakula, akalala tu, usingoje damu ionekane. Pavo humaliza mtoto kwa kumkausha maji ndani ya siku mbili tatu, na tiba yenyewe kubwa ni maji ya mshipa mapema.

Dala_Mamboleo

Shukrani. Moja la mwisho: kuna jirani ana dawa ya josho la ng'ombe, anasema nimwogeshe mtoto siku anayofika ili kupe zisiingie.

sindano_na_barafu

Usimwogeshe. Dawa nyingi za josho zina amitrazi (dawa ya kuua kupe) au dawa nyingine kali, na mtoto wa chini ya miezi mitatu hawezi kuihimili: analegea, mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa, au anatetemeka na kutoa udenda. Ya ng'ombe imepimwa kwa ng'ombe. Kupe wachache watoe kwa kibanio, shika karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, watumbukize kwenye spiriti. Wakiwa wengi, mwombe daktari dawa ya kupuliza ya fiproni ambayo maelekezo yake yanaruhusu watoto wadogo, na umpulize siku mbili tatu baada ya kufika, akiwa anakula vizuri.

Huyo jirani ana mbwa? Kama ana mbwa, wasikutane ukutani mpaka ujue naye alichomwa lini.